UZI: Kusafisha udongo na maji ya ardhini kwa sufaktanti: kuitia ni rahisi, kuitoa ndiyo kazi

#1 — Mwamba wa Chini (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila inapoletwa humu habari ya mafuta kumwagika au ya kisima kuanza kunuka petroli, hakosekani mtu wa kupendekeza kwamba eneo lioshwe kwa sabuni. Wazo hilo si la kubezwa, kwa kuwa wahandisi na wanakemia wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka thelathini na katika baadhi ya maeneo limeleta matokeo ambayo njia nyingine hazikuyapata. Hata hivyo, sehemu yake inayozungumzwa sana ni ile rahisi, na sehemu inayoamua kama watu watapona au wataongezewa madhara haizungumzwi. Naomba nilieleze kwa urefu, kisha tujadiliane.

Sufaktanti ni jina la jumla la kemikali za jamii ya sabuni. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji na kushikamana na mafuta. Ikiwa kidogo ndani ya maji, molekuli hujipanga kwenye mpaka kati ya maji na hewa, au kati ya maji na mafuta, na kupunguza mvutano wa mpaka huo. Kiasi kikizidi kiwango fulani, ambacho kwa sufaktanti iitwayo sodiamu dodesili salfati katika maji safi ni takriban gramu 2.3 kwa lita, molekuli hujikusanya katika vijifundo vidogo mno viitwavyo miseli, mikia ikiwa ndani na vichwa nje. Ndani ya miseli mna mazingira ya mafuta, na humo ndimo uchafu usioyeyuka katika maji huingia na kubebwa.

Sasa tuutazame uchafu wenyewe. Nachukua mfano wa trikloroethilini, kiyeyusho kilichotumiwa kwa miongo mingi kuondoa grisi kwenye vyuma vya ndege na mitambo. Ni kioevu kizito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.46. Kikimwagwa ardhini hakielei juu ya maji kama yanavyofanya petroli na dizeli, bali hushuka, hupenya usawa wa maji ya ardhini, na huendelea kushuka mpaka kikutane na tabaka lisilopitisha, kwa kawaida udongo wa mfinyanzi. Huko chini hujaza mabonde ya tabaka hilo, na njiani huacha matone yaliyonaswa katikati ya chembe za mchanga. Matone hayo hushikiliwa na mvutano wa mpaka kati yake na maji, na nguvu ya kawaida ya pampu haitoshi kuyang'oa.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa nchini Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita. Ukipiga hesabu, lita moja ya trikloroethilini ikisambazwa sawasawa inatosha kufikisha takriban lita milioni 290 za maji kwenye kiwango hicho. Wakati huohuo lita ya maji haiwezi kuyeyusha zaidi ya takriban gramu 1.1 ya kemikali hiyo, na kwa hali halisi ya ardhini huyeyusha chini ya hapo, kwa sababu maji hupendelea kupita pembeni mwa maeneo yaliyojaa uchafu. Hivyo tuna sumu inayoyeyuka kwa shida sana, na bado kinachoyeyuka kinatosha kuharibu visima kwa vizazi. Ndiyo maana mitambo ya kuvuta maji machafu na kuyasafisha juu imekuwa ikifanya kazi katika baadhi ya maeneo kwa miongo kadhaa bila kufikia mwisho: inasafisha maji yanayopita na kuacha chanzo kilipo.

Sufaktanti hukishambulia chanzo kwa njia mbili ambazo ni lazima zitofautishwe. Ya kwanza ni kuyeyusha, ambapo uchafu huingia katika miseli na kusafiri na maji. Ya pili ni kuung'oa, ambapo mvutano wa mpaka hushushwa kiasi kwamba matone yaliyonaswa huachia na kutiririka yenyewe kama kioevu. Njia ya pili ni ya haraka na hutumia kemikali kidogo, lakini kioevu kizito kilichoachiliwa kitafuata uzito wake. Kama chini yake hakuna tabaka la kukizuia, au tabaka lina ufa, kitashuka mahali ambapo hapo awali hakikuwapo, na mradi wa usafi utakuwa umechafua akiba ya maji ya kina zaidi.

Mahali ninapopenda kupatolea mfano ni Kambi ya Jeshi la Anga ya Hill, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Kati ya 1967 na 1975, viyeyusho vilivyotumika, trikloroethilini ikiwa ndiyo nyingi zaidi, vilimwagwa katika mahandaki yasiyosakafiwa. Vilishuka hadi kwenye mchanga na changarawe za mkondo wa kale wa maji, uliokuwa umejichimbia juu ya mfinyanzi mnene. Tangu 1993 pampu zilitoa maelfu ya galoni za kiyeyusho hicho kikiwa bado kioevu, kisha zikafika mahali ambapo kilichobaki kilikuwa kimenaswa na hakikuweza kuvutwa tena.

Mwaka 1996 kundi lililowashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin lilifanya jaribio katika sehemu ndogo ya eneo hilo. Walitumia sufaktanti iitwayo sodiamu daihexili salfosaksineti kwa asilimia 8, wakaongeza pombe ya isopropanoli asilimia 4 na chumvi ya kawaida kiasi cha gramu 7 kwa lita. Chumvi hiyo haikutiwa kwa kubahatisha. Kiasi chake ndicho kinachoamua kama mchanganyiko utashikamana zaidi na maji au na mafuta. Katika maabara, mchanganyiko huo uliweza kubeba zaidi ya gramu 600 za kiyeyusho kwa lita moja, ukilinganisha na gramu 1.1 ya maji matupu. Kule ardhini, baada ya kupitisha kiasi cha mchanganyiko kilichozidi kidogo mara mbili ya nafasi iliyokuwamo kati ya chembe za eneo lile, takriban asilimia 99 ya kiyeyusho kilichokuwapo kiliondolewa.

Tarakimu hiyo ndiyo husambaa, na watu huishia hapo. Mimi naona kilicholeta mafanikio ni yaliyofanyika kabla ya tone la kwanza kuingizwa. Walijua umbo la sakafu ya mfinyanzi na mabonde yake kwa kuchimba na kupima. Walijua kiasi cha kiyeyusho kilichokuwamo kwa kupitisha kwanza kemikali za kufuatilia: alkoholi ambazo nyingine hupita moja kwa moja na nyingine husimama kidogo ndani ya kila tone la uchafu zinalokutana nalo, hivyo tofauti ya muda wa kufika kwenye kisima cha kuvutia huonyesha wingi wa uchafu uliopo njiani. Walipanga visima vya kuingiza na vya kuvuta, pamoja na kisima cha maji safi cha kuzuia mchanganyiko usitoke nje ya eneo. Na juu ya ardhi tayari palikuwa na mtambo wa kuchuja kwa mvuke, uliokuwa ukisubiri maji machafu.

Wengi huifananisha kazi hii na kuosha sufuria yenye mafuta yaliyoganda. Mfano huo unapotosha mahali pamoja, napo ndipo muhimu kuliko pote: sufuria huinamishwa na maji machafu yakamwagwa, lakini ardhi haiinamishwi. Kila lita unayoiingiza ni lazima uwe na njia iliyothibitishwa ya kuitoa ikiwa na sumu yake, na mahali pa kuipeleka. Anayeingiza sufaktanti bila kuwa na visima vya kuvuta hajasafisha kitu. Ameifanya sumu iliyokuwa imekwama iweze kusafiri hadi kwenye kisima cha jirani.

Karibuni.

#2 — Fundi Visima

Shukrani, Mkuu. Mimi huchimba visima vya majumbani na nimekutana na maji yenye harufu ya mafuta karibu na vituo vya kuuzia petroli. Baadhi ya wenye nyumba humwaga sabuni ya unga kisimani, kisha huvuta maji siku nzima mpaka harufu iishe. Je, hilo lina manufaa yoyote, hata kama si kamili?

#3 — Mwamba wa Chini (mtoa mada)

Fundi, nakuomba uwazuie popote unapopata nafasi, na nitakueleza sababu ili nawe uweze kuwaeleza.

Kwanza, harufu kuisha hakuonyeshi kwamba mafuta yametoka. Petroli huelea juu ya maji ya ardhini na kupanda na kushuka pamoja nayo msimu hadi msimu, hivyo hujipaka kwenye udongo wa kimo kirefu. Sabuni iliyomwagwa kisimani hufikia eneo dogo sana kuzunguka bomba, na baada ya majuma kadhaa mafuta ya pembeni hurudi. Benzini iliyomo katika petroli inathibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na mtu anaweza kuinywa kwa kiasi chenye madhara bila pua yake kumwonya.

Pili, sabuni ya unga ya dukani haikutengenezwa kwa ajili ya udongo. Sufaktanti yake ya kawaida huungana na kalsiamu ya maji magumu na kuganda, na kilichoganda huziba matundu ya udongo. Sodiamu iliyomo hutawanya chembe za mfinyanzi, nazo zikisafiri huziba chujio la kisima. Umeona bila shaka visima vilivyopungua maji baada ya "kutibiwa" kwa namna hiyo.

Linalofaa kwanza ni kuacha kutumia kisima kwa kunywa na kupikia, kupeleka sampuli kwenye maabara, na kutafuta tangi linalovuja. Tangi lisipozibwa, hakuna njia ya usafi duniani itakayoshinda.

#4 — Mkemia wa Morogoro

Naomba kuongeza jambo ambalo mtoa mada amelipita haraka: aina ya sufaktanti dhidi ya aina ya udongo.

Chembe nyingi za mfinyanzi zina chaji hasi. Sufaktanti zenye kichwa chenye chaji chanya hung'ang'ania chembe hizo na kupotelea humo, kwa hiyo hazifai kuoshea. Zenye chaji hasi husukumwa na chembe na hivyo husafiri vizuri. Ndiyo sababu moja ya kuchaguliwa salfosaksineti kule Utah. Zisizo na chaji ziko katikati.

Kanuni hiyo hufundishwa kana kwamba ni ya dunia nzima, ilhali imetokana kwa sehemu kubwa na udongo wa nchi za baridi. Udongo wetu mwekundu umejaa oksidi za chuma na alumini, na udongo wa aina hiyo ukiwa na asidi, oksidi hizo hubeba chaji chanya. Sufaktanti yenye chaji hasi iliyopita bila shida kwenye mchanga wa Utah inaweza kunaswa kwa wingi kwenye udongo mwekundu, na gharama ikapanda maradufu kabla ya uchafu kuguswa. Kwa hiyo mkandarasi akija na fomula kutoka nje na kusema imethibitishwa, swali la kwanza liwe: imethibitishwa kwenye udongo upi? Ni lazima udongo wa mahali penyewe ujazwe katika mrija wa maabara na mchanganyiko upitishwe humo, ukipimwa unachopoteza, kabla ya kugusa ardhi.

#5 — Mwamba wa Chini (mtoa mada)

Mkemia, nakushukuru sana. Nakubaliana nawe kwa kila neno. Joto nalo liongezwe kwenye orodha hiyo. Mchanganyiko uliosawazishwa kwa maji ya ardhini yenye ubaridi wa milimani hautakuwa na tabia ileile kwenye maji yetu yenye joto, kwa kuwa mlingano wa chumvi, joto na mafuta hubadilika pamoja.

#6 — Kibwezi Asilia

Nimesoma kwa makini kwa sababu jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba huko Thange, Kaunti ya Makueni, yakaingia mtoni na kwenye visima ambavyo watu na mifugo walivitegemea. Mwaka 2019 yakavuja tena kutoka kwenye bomba, safari hii huko Kiboko. Naomba mtoa mada aeleze waziwazi: kwa mahali kama petu, njia hii ingefaa au haifai? Tumechoka kuambiwa maneno ya jumla.

#7 — Mwamba wa Chini (mtoa mada)

Ndugu wa Kibwezi, poleni kwa yaliyowapata. Nitajibu kwa kadiri mtu anavyoweza kujibu bila kuwa na vipimo vya eneo mkononi.

Mafuta ya bombani, kama petroli, dizeli na mafuta ya taa, ni mepesi kuliko maji. Kwa upande mmoja hiyo ni nafuu, kwa kuwa hayazami hadi kwenye miamba ya kina kama trikloroethilini, na bakteria wa kawaida wa udongoni wakipewa hewa na virutubisho huyala. Kwa mafuta ya namna hiyo, hatua za mwanzo ni kuyavuta yale yanayoelea, kunyonya mvuke wake kutoka kwenye udongo ulio juu ya maji, na kupuliza hewa ili bakteria wafanye kazi. Sufaktanti ikihitajika, huja mwishoni, kwa kiasi kidogo, kwa yale mabaki yaliyoshikamana na udongo. Mtu akiitanguliza kabla ya mafuta yanayoelea kuvutwa, ataugeuza utando unaoweza kukusanywa kuwa mchanganyiko wa mafuta na maji ulio kama maziwa, ambao kuutenganisha ni kazi ngumu na ya gharama.

Kwa upande mwingine kuna suala la miamba. Kiboko iko pembeni mwa milima ya Chyulu, ambako maji hupita ndani ya nyufa za lava na kutokeza kwenye chemchemi. Mzima, inayopelekea Mombasa maji, hulishwa na milima hiyohiyo. Katika mchanga unaweza kukadiria maji yataelekea wapi na kwa kasi gani. Katika nyufa za lava, maji hupita njia chache zisizoonekana, na visima viwili vilivyokaribiana vinaweza kuwa havina uhusiano wowote. Mahali pa namna hiyo, mimi nisingeingiza sufaktanti ardhini. Msimamo wangu ni huo.

Kinachoweza kufaa ni kuuchimba udongo wa juu uliolowa mafuta na kuuosha juu ya ardhi, kwenye sakafu ya zege yenye kingo. Udongo huchanganywa na maji yenye sufaktanti ndani ya pipa linalozunguka, chembe kubwa za mchanga na changarawe hutenganishwa zikiwa safi, na uchafu hukusanyika katika maji na chembe nyembamba. Njia hiyo hufanya kazi vizuri kwenye udongo wa kichanga na vibaya kwenye mfinyanzi, lakini angalau kila kitu kiko mbele ya macho na hakuna kinachotoroka.

#8 — Kibwezi Asilia

Asante kwa kutozunguka. Nitalipeleka jibu hili kwenye kamati yetu ya maji.

#9 — Msomaji wa Pwani

Naomba kukumbusha historia ya baharini ambayo inafanana na haya. Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipasuka kwenye miamba karibu na Cornwall, Uingereza. Serikali iliagiza takriban tani 10,000 za ditajenti, yaani sabuni za viwandani, zimwagwe baharini na fukweni ili kuyatawanya mafuta. Watafiti wa viumbe vya bahari waliofuatilia fukwe zile walikuta kwamba ditajenti hizo, ambazo wakati ule zilichanganywa na viyeyusho vikali, ziliua konokono wa miambani na viumbe wengine kuliko mafuta yenyewe yalivyowaua. Sehemu zilizoachwa bila kunyunyiziwa zilipona mapema zaidi kuliko zile zilizonyunyiziwa kwa wingi.

Swali langu: sufaktanti ikibaki ardhini, yenyewe si uchafu mwingine?

#10 — Mwamba wa Chini (mtoa mada)

Ni uchafu mwingine, ndiyo, na ukubwa wa madhara hutegemea aina yake.

Ziko zinazooza haraka na ziko zisizooza. Miaka ya 1950 ditajenti nyingi za viwandani zilikuwa na mkia wenye matawi ambao bakteria walishindwa kuuvunja, na mito ya Ulaya na Marekani ikajaa povu. Viwanda vya Marekani vilihamia kwenye mkia ulionyooka mnamo 1965, ambao huvunjika. Nonilifenoli ethoksileti nazo zilitumiwa sana kwa sababu ya bei na nguvu yake, mpaka ikabainika kwamba zikivunjika huacha nonilifenoli, kemikali inayoiga homoni za kike katika samaki, na Umoja wa Ulaya ukaziwekea vizuizi mwaka 2003. Mkandarasi akileta aina hiyo leo kwa ajili ya kusafisha maji ya watu, akataliwe.

Hali mbaya kuliko zote ni ya sufaktanti zenye florini zilizowekwa katika povu la kuzimia moto wa mafuta kwenye viwanja vya ndege na kambi za kijeshi. Uimara uliozifanya zipendwe ndio uliozifanya zisivunjike, na sasa zenyewe ndizo zinazosakwa katika maji ya ardhini ya nchi nyingi. Moja yake, PFOS, iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, mwaka 2009, na mwaka 2024 Marekani iliiwekea kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa usafi wa udongo hazifai kabisa, na ninazitaja ili kuonyesha kwamba kundi moja la kemikali linabeba dawa na sumu.

Ila kuna upande mwingine wa swali lako ambao unanipa matumaini. Huko Oscoda, Michigan, palikuwa na jengo lililokuwa duka la kufulia nguo kwa kemikali, na tetrakloroethilini ilikuwa imezama kwenye mchanga chini yake. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliingiza takriban lita 68,000 za maji yenye asilimia 6 ya Tween 80, sufaktanti isiyo na chaji ambayo hutumiwa hata katika aiskrimu. Walipata lita 19 tu za kiyeyusho. Msidharau lita 19. Pigeni upya hesabu niliyoiweka mwanzoni. Zaidi ya asilimia 90 ya sufaktanti yenyewe ilitolewa. Kiasi kidogo kilichobaki kililiwa na bakteria wa ardhini, oksijeni ikaisha, na katika hali hiyo bakteria wengine wakaanza kung'oa klorini kutoka kwenye mabaki ya kiyeyusho. Kazi ya usafi iliendelea baada ya mitambo kuondolewa.

Hilo nalo halikosi masharti. Klorini ikiondolewa hatua kwa hatua, tetrakloroethilini hugeuka trikloroethilini, kisha daikloroethilini, kisha vinaili kloraidi, ndipo hufika ethilini isiyo na madhara. Vinaili kloraidi ni mbaya kuliko iliyotangulia. Pasipokuwa na bakteria wa jenasi ya Dehalococcoides, safari inaweza kukwama njiani. Vilevile maji yaliyokosa oksijeni huyeyusha chuma, manganizi na wakati mwingine aseniki kutoka kwenye udongo. Kwa hiyo anayetegemea mabaki ya sufaktanti kulisha bakteria ni lazima aendelee kupima kwa miaka.

#11 — Mama Afya

Nimesikia kuhusu sufaktanti zinazotengenezwa na vijidudu au kutokana na mimea. Je, hizo haziwezi kutuondolea wasiwasi huu wote?

#12 — Mkemia wa Morogoro

Naomba nimjibu Mama Afya. Zipo. Ramnolipidi hutengenezwa na bakteria Pseudomonas aeruginosa, soforolipidi na hamira ya jenasi Starmerella, na saponini hutoka kwenye mimea kama vile mti wa Quillaja wa Chile. Huoza kwa urahisi, na ramnolipidi zina sifa ya ziada ya kushika baadhi ya metali kama kadimiamu. Matatizo ni mawili. La kwanza ni gharama ya kuzitengeneza kwa wingi unaohitajika ardhini. La pili ni kwamba zikioza haraka mno, huisha kabla hazijafika kwenye uchafu, na bakteria walioshiba huziba matundu ya udongo kuzunguka kisima cha kuingizia. Zaidi ya hayo, Pseudomonas huyo huambukiza wagonjwa wenye kinga dhaifu, hivyo kinachotakiwa ni kemikali iliyosafishwa na si bakteria hai kumwagwa uani. Kutoka kwenye mmea au kijidudu hakuifanyi kemikali kuwa salama. Ipimwe kama nyingine zote.

#13 — Fundi Visima

Mkuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Umesisitiza kuitoa. Je, ikishatoka, yale maji yenye povu na sumu hupelekwa wapi? Na nitajuaje kwamba kazi imekwisha, badala ya kuambiwa tu?

#14 — Mwamba wa Chini (mtoa mada)

Fundi, hapo ndipo bajeti nyingi huishia, na mwenye mradi asiyekuwa na jibu asiruhusiwe kuanza.

Maji yaliyotoka ni magumu kusafisha kuliko maji machafu ya kawaida, kwa sababu ileile iliyotuvutia kwayo: uchafu umeng'ang'ania ndani ya miseli na hautaki kutoka. Kupuliza hewa hutoa povu linalofurika mtambo; makaa ya kuchujia hujaa sufaktanti badala ya sumu. Njia zilizofaa ni mvuke au ombwe la kutorosha viyeyusho vinavyovukizika, ikifuatiwa na utando wenye matundu madogo kuliko miseli, ambao hubakisha sufaktanti upande mmoja na kuruhusu maji kupita. Katika kambi ya wanamaji ya Camp Lejeune, North Carolina, penye uchafu wa tetrakloroethilini kutoka kwenye jengo la kufulia nguo, jaribio la 1999 lilichuja sufaktanti kwa utando wa namna hiyo na kuirudisha kazini, ili kupunguza gharama.

Jaribio hilohilo linajibu sehemu ya pili ya swali lako. Mchanga wa juu wenye kupitisha maji ulisafishika vizuri sana. Tabaka jembamba la chembe ndogo lililo chini kabisa, juu tu ya mfinyanzi, halikusafishika, kwa sababu mchanganyiko ulipita ulipopaona pepesi. Mtu akipima siku ya kufunga pampu, maji ya kisima yatatoka kwenye mchanga wa juu na yataonekana mazuri. Baada ya miezi, uchafu uliojificha kwenye tabaka la chini hurudi taratibu ndani ya mchanga uliosafishwa, na vipimo hupanda tena.

Kwa hiyo dai mambo haya katika mkataba. Kemikali za kufuatilia zipitishwe kabla ya kazi na baada yake, ili tofauti ya wingi wa uchafu ijulikane kwa kipimo kinachogusa eneo lote na si kwa chupa moja ya maji. Hesabu ya sufaktanti iandikwe: imeingia kilo ngapi, zimetoka ngapi, na zilizobaki ziko wapi. Udongo wa tabaka la chini uchimbwe na kupimwa wenyewe, si maji pekee. Visima vya nje ya eneo, upande maji yanakoelekea, vipimwe tangu siku ya kwanza ya kuingiza, maana mchanganyiko ukitoroka vitaonyesha kabla ya visima vya ndani. Na malipo ya mwisho yasubiri vipimo vya angalau mwaka mzima baada ya pampu kufungwa, ili misimu ya mvua na kiangazi yote ipite juu ya eneo, usawa wa maji ukipanda na kushuka.

#15 — Kibwezi Asilia

Naomba ruhusa ya kulinakili jibu hili la #14 kwa ajili ya kikao cha kamati.

#16 — Mwamba wa Chini (mtoa mada)

Nakili bila wasiwasi. Ongeza sharti moja: sampuli zichukuliwe na maabara ambayo hailipwi na mkandarasi, na chupa ya pili ya kila sampuli ihifadhiwe na kamati kwenye barafu na kupelekwa kwenye maabara ya pili siku hiyohiyo, kwa sababu benzini huvukizika na chupa iliyokaa juani itatoa majibu mazuri yasiyo ya kweli.